Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya ya Umma Mombasa: Msitutishe, Tuelekezeni

Majengo, Mombasa

Kwa:
Waheshimiwa wote wenye dhamana ya chanjo, uchunguzi wa mapema na kinga ya maradhi katika mji wetu

MINTARAFU: HOFU, HAYA NA HASIRA ZA WATU MNAOTAKA WAJIKINGE

Waheshimiwa,

Salaam nyingi, na heshima zenu nazitanguliza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu, mkaazi wa Majengo, na ni miongoni mwa wanakamati wanaowakilisha wananchi katika zahanati moja ya mtaani. Zahanati yenyewe sitaitaja, maana wauguzi wake si watu wabaya na ninayoyalalamikia hayakuanzia kwao. Mambo yaliyomo humu kamati yetu iliyaandika kwa utaratibu. Barua zikapokelewa, zikapigwa mhuri. Baada ya mhuri, kimya. Tulipofuatilia tukaambiwa "yanashughulikiwa", na kila mkaazi wa mji huu anajua neno hilo lilivyo refu. Ndipo nikaona niyaseme hadharani, nikitumai hamtayachukulia kama utovu wa adabu.

Lalamiko langu kuu ni hili. Kila kampeni ya afya inapodorora, taarifa zenu husema wananchi hawana elimu, waelimishwe zaidi. Njooni mtaani kwangu muulize. Kina mama wanajua mtoto anachanjwa nini na akiwa na umri gani. Wanajua mbu anazaana kwenye maji yaliyotuama. Wanajua saratani ya mlango wa kizazi inaua, wengine wamezika ndugu zao. Wanayajua yote hayo, na siku ya zoezi hawatoki nyumbani. Mwaka baada ya mwaka mnawaongezea habari watu ambao tayari wanazo, bila kuuliza wanahisi nini wanaposikia gari lenu la matangazo likikata kona.

Mimi nimewauliza. Nayapanga kwa nambari ili msipate shida kujibu.

1. Mnatutisha, kisha mnatuacha papo hapo.

Gari linapita, sauti juu kabisa: ugonjwa huu unaua, ole wake asiyechanja mtoto wake. Limekwenda. Ni wapi? Saa ngapi? Ni bure au nije na pesa? Mwenye mimba anaruhusiwa? Kadi ikipotea je? Hayo hayasemwi, au husemwa mbiombio gari likiwa limeshafika mtaa wa pili. Mabango ni vivyo hivyo: picha ya mgonjwa aliyekonda, maandishi mekundu, na chini yake nembo za wafadhili zikiwa nyingi kuliko maelekezo.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1965, Howard Leventhal na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanafunzi vijitabu vya kuwahimiza wachanjwe pepopunda. Vingine vilijaa picha na maneno ya kuogofya, vingine vilikuwa vya upole. Waliosoma vile vya kuogofya waliingiwa na hofu kweli, na walisema kwa wingi zaidi kwamba watakwenda. Lakini walipohesabiwa waliokwenda, ukali wa kitisho haukuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni maelekezo ya ziada waliyopewa baadhi yao: ramani ya mahali kituo cha afya kilipo, saa za huduma, na ombi kwamba kila mmoja aangalie shughuli zake za wiki achague wakati wa kupitia hapo. Kati ya waliopewa maelekezo hayo, takriban asilimia 28 walichanjwa. Kati ya waliosoma kijitabu tu bila maelekezo, takriban asilimia 3. Na hao walikuwa wanafunzi wa chuo hicho hicho, kituo chenyewe wanakipita kila siku!

Sisemi hofu haina kazi. Katika jaribio lile lile, maelekezo peke yake, bila kijitabu cha kumtia mtu wasiwasi, nayo hayakumpeleka mtu kituoni. Hofu huamsha. Lakini aliyeamshwa akikosa mlango hafanyi mnavyodhani. Mtafiti Kim Witte alilieleza hili vizuri mwaka 1992: mtu akitishwa hupima kama hatari inamhusu, kisha hupima kama ana uwezo wa kufanya lolote. Akiona hatari ni kubwa na uwezo hana, huacha kupambana na ugonjwa, akaanza kupambana na hofu yenyewe. Anazima redio. Anageuza mambo kuwa mzaha. Anasema "siku yako ikifika imefika". Nani hajayasikia maneno hayo kwenye baraza za kahawa, kutoka Kibokoni hadi Bombolulu? Nyinyi mnayaita ukaidi, au mnaisingizia dini, ilhali dini yenyewe inatuamrisha tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Mimi nikiyasikia humwona mtu aliyetishwa vya kutosha na hakuonyeshwa pa kupitia.

Hebu jaribuni tangazo la namna hii: "Chanjo ya watoto chini ya miaka mitano. Jumanne, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, madrasa iliyo nyuma ya msikiti. Muuguzi ni yule yule wa zahanati yetu. Hakuna malipo. Njoo na kadi, na kama imepotea njoo hivyo hivyo." Halimtishi mtu, na halihitaji mfadhili.

2. Mwaka 2020 tulifundishwa kuogopa kupimwa.

Najua mengi ya mwaka ule wa korona yaliamriwa Nairobi, na polisi hawako chini yenu. Lakini mwananchi hatenganishi serikali kwa idara. Anakumbuka jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu walipokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wavuke kabla ya saa moja, wakarushiwa vitoa machozi na kupigwa marungu. Walisongamana, wakakohoa, wakalala chini kwa amri, na yote yalifanywa kwa jina la kuwakinga na ugonjwa wa kupumua. Anakumbuka Mji wa Kale ulivyofungwa tarehe 6 Mei, ukabaki umefungwa kwa takriban mwezi. Anakumbuka karantini ya lazima ambayo mtu alipelekwa bila hiari kisha akapewa bili. Anakumbuka pia kwamba waliokamatwa wakivunja kafyu walitiwa karantini, yaani mahali pa kinga pakageuzwa mahali pa adhabu.

Baada ya hayo mkashangaa watu kukataa kupimwa. Kupimwa ilikuwa ni kuhatarisha riziki, jina la nyumba na pesa ambazo hazipo. Yule aliyejifungia ndani maafisa walipobisha hodi hakuwa akikana kwamba korona ipo. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Chanjo za kwanza zilipofika nchini Machi 2021, zilibisha kwenye mlango ule ule, zikabebwa na watu wale wale, na hakuna aliyetangulia kusema lolote kuhusu yaliyopita. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mlituletea ung'ongo mkatukasirikia kwa kushtuka.

Mpaka leo sijasikia kiongozi wa afya akisimama mbele ya wakaazi wa Mji wa Kale au abiria wa Likoni akasema waziwazi: lile halikuwa sawa, na halitarudiwa. Maneno hayo hayana gharama. Mnasubiri nini?

3. Haya mnaiona ni upuuzi wa wanawake.

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo tunapopoteza roho ambazo zingeokolewa kwa urahisi.

Nchini Kenya hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko ya mlango wa kizazi. Nayo haiji kwa kishindo. Kwa kawaida huchukua miaka, chembe zikibadilika polepole, na katika miaka hiyo yote inaweza kugunduliwa na kuzuiwa. Kipimo kimoja kinachotumika katika vituo vya kawaida ni cha siki: muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na sehemu zenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ni dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2020 kwamba kufikia 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo wapate matibabu. Malengo mazuri. Sasa nitawaeleza kinachotokea kwenye benchi.

Mwanamke amejikaza, amekuja. Anakaa na wagonjwa wa kikohozi, wajukuu wa jirani na mchuuzi anayemuuzia samaki. Karani, kijana wa kiume, anachungulia na kuita kwa sauti: "Wale wa kupimwa njia ya uzazi, upande huu!" Vichwa vyote vinageuka. Ndani, pazia halifiki mwisho. Muuguzi ni mwanamume, au ni binti wa jirani, na sijui lipi ni gumu zaidi. Wanafunzi wa uuguzi wanaingia kuangalia na hakuna aliyemuuliza kama anaridhia. Akirudi nyumbani anawasimulia dada zake watano, na hao watano mmewapoteza kwa miaka kumi.

Kwake haya ni sitara, ndiyo heshima aliyolelewa nayo, na huwezi kumtaka aiache mlangoni kama viatu ndipo apate huduma. Faragha yenyewe ni haki yake katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Upande wa virusi vya ukimwi tuna hata sheria ya mwaka 2006 inayolinda siri ya anayepimwa, ila dirisha la kuchukulia dawa bado liko mahali ambapo mtaa mzima unajua anayesimama hapo anachukua nini.

Chanjo ya HPV nayo iliingia kwenye mtego huo huo. Ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili zikipishana miezi sita. Wazazi walikuwa na swali moja walilolionea aibu kuliuliza: mbona mtoto mdogo namna hii achanjwe kwa ugonjwa unaoambukizwa kwa kukutana kimwili? Swali la haki kabisa. Jibu lake pia ni la haki: kinga hujengeka vizuri zaidi kwa mtoto ambaye hajawahi kukutana na kirusi, na mwili wa umri huo huipokea chanjo kwa nguvu. Aina mbili za kirusi hicho, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Mngelijibu hivyo, kwa Kiswahili chepesi, katika vikao vya kina mama peke yao na kina baba peke yao. Lakini nanyi mliona haya! Mkasema "ni chanjo ya saratani" mkapita. Pengo mliloliacha likajazwa na wanaosema chanjo inafunga kizazi, uvumi ambao nchi hii iliusikia tangu 2014 maaskofu wa Kikatoliki walipopinga kampeni ya pepopunda iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49. Wakati ule pia ni wachache walioeleza kwa nini wanawake wa umri huo: kwamba mama aliyekingwa humkinga mtoto wake mchanga, na pepopunda ya watoto wachanga ni kifo kibaya mno. Kisha waliochanjwa Oktoba 2019 walistahili dozi ya pili Aprili 2020, ambapo shule zilikuwa zimefungwa mwezi uliotangulia na watu wanaogopa kukaribia zahanati. Hilo si kosa la mtu. Lakini baadaye nani alikwenda kuwatafuta mmoja mmoja?

4. Homa ya usiku ule.

Mtoto anachanjwa asubuhi, usiku anawaka moto na analia. Mama hakuambiwa. Saa nane za usiku yuko peke yake, anaona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mtoto mzima akadungwa. Wanasaikolojia Ilana Ritov na Jonathan Baron walionyesha mwaka 1990 kwamba watu huona uzito zaidi kumdhuru mtoto kwa tendo la mkono wao kuliko mtoto kudhurika kwa jambo walilolikosa kulifanya, hata pale hatari ya kutofanya ikiwa kubwa zaidi. Mama huyo hahitaji kusoma utafiti, amekwishajiapiza. Na kuzuia hali hii kunahitaji sentensi mbili za muuguzi kabla ya sindano: "Huenda akapata homa usiku huu au kesho, ni kawaida, mpe hiki. Ikizidi siku mbili, au ukiona hali usiyoielewa, piga nambari hii." Mama aliyeambiwa mapema, homa ikija humthibitishia kwamba muuguzi alisema kweli. Lakini nambari ipokelewe. Sisi tumezipiga.

5. Mnatuamuru yasiyowezekana, kisha mnatuita wachafu.

Chikungunya ilipolipuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, watu walilala hoi kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa ule huweza kumwacha mtu akiumwa na vifundo kwa miezi. Amri ikatoka: mwageni maji, laleni ndani ya neti. Waheshimiwa, mbu anayeeneza chikungunya na dengi huuma mchana. Neti tunaishukuru kwa malaria, lakini mtu anayeuza viazi karai saa tano asubuhi hatajifunika neti. Na maji tuyamwage vipi? Mji huu unanyweshwa kwa mabomba kutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na mitaani kwetu mfereji hutoa maji ukipenda. Siku usipopenda tunanunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni. Mwambie mama aliyelipia maji hayo ayamwage, na atakachosikia ni tusi. Mtu aliyetukanwa hashiki ushauri, hata ukiwa wa kweli.

Ushauri wa kweli ulikuwepo, na unawezekana: funika pipa kwa kitambaa kilichokazwa, na likiisha maji, lisugue ndani kabla ya kulijaza tena, kwa kuwa mayai ya mbu huyo hunata kwenye kuta za pipa na huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga peke yake hakuyaondoi. Kumpa mtu kazi anayoiweza ni kumpa heshima, na ningeanzia hapo.

Hasira hii ina mizizi mirefu. Watu wa Owino Uhuru, kule Jomvu, walipiga kelele kwa miaka kuhusu kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowatia sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi humo na mwanawe mwenyewe akaathirika, alihangaika kutoka ofisi hadi ofisi kabla ya dunia kumtambua kwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikabatilishwa katika rufaa, na Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024. Sasa mtumeni mhudumu wa afya Owino Uhuru akawaambie wanakijiji kwamba serikali inajali afya zao. Watamsikiliza, wana adabu. Kama watamwamini ni habari nyingine. Mwendesha bodaboda mmoja mtaani kwetu aliniambia: "Mwalimu, mimi hawa huwaona siku ya sindano tu. Nikienda na homa yangu, naambiwa dawa hakuna, nikanunue." Mwalimu alikosa la kumjibu.

6. Kipindupindu. Acheni kukiita ugonjwa wa uchafu kwenye vipaza sauti. Mnachofanya ni kumfanya mgonjwa afiche kuhara kwake ndani ya nyumba yenye watu wanane.

Najua mtakayosema, maana mengine tumeshajibiwa nayo kwa mdomo.

Mtasema hakuna pesa. Pazia ni shilingi ngapi? Karani akifundishwa kuita watu kwa nambari badala ya kutangaza shida zao, bajeti inaongezeka wapi? Pale panapotaka pesa, kama mishahara ya wauguzi au dawa, nakubali, na nitasimama nanyi kuidai. Lakini mengi niliyoyataja yanataka adabu tu.

Mtasema tatizo ni mitandao na uvumi wake. Uvumi upo, nami nautumiwa kila asubuhi na jamaa zangu wenyewe. Ila uvumi haukai penye jibu. Anayeuliza swali na kuambiwa "usisikize upuuzi" ameshapewa sababu ya kusikiza.

Mtasema dharura haina muda wa kubembelezana. Hapa nawapinga waziwazi. Dharura ndiyo inayotumia akiba ya imani iliyowekwa siku za kawaida, na mwaka 2020 mlikuta akiba haipo. Kuna pia wanaosema watu wa Pwani ni wavivu wa mambo haya, hatujali. Hilo silijibu, waje siku ya matone ya polio waone watoto wanavyokimbizana kuonyeshana kidole kilichotiwa wino, nani kapakwa zaidi. Fahari hiyo ya kitoto imefanya kazi kubwa kuliko mabango yenu yote mekundu, na sijui kwa nini hakuna aliyefikiria kuitafutia mwenzake kwa watu wazima.

Ninachoomba, kwa niaba ya kamati na kwa kauli yangu:

Kwanza, kila tangazo la kinga litaje mahali, siku, saa, malipo au kutokuwepo kwake, na anayehudumu ni nani. Lisomwe kwanza mbele ya wakaazi wachache wa mtaa husika, wakisema halieleweki lirudi. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Tangazo lililoandikwa Nairobi kwa Kiingereza na kugeuzwa usiku wa kuamkia zoezi tunalijua tukilisikia.

Pili, siku maalumu za uchunguzi wa wanawake, zenye wauguzi wa kike, chumba chenye mlango unaofungwa, na ruhusa ya mwanamke kabla mwanafunzi yeyote hajaingia. Tena kuna njia ya mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kipimo cha HPV, na Shirika la Afya Duniani linaikubali. Itafutwe hadi kwenye zahanati zetu. Kwa watu wa mji huu, sioni dawa ya haya iliyo bora kuliko hiyo.

Tatu, saa. Mchukuzi wa bandarini, dereva wa tuktuk na mama wa Kongowea hawawezi kufunga kazi saa nne asubuhi. Na mwezi wa Ramadhani msipange mazoezi mchana. Wanazuoni wengi wamesema sindano isiyo ya lishe haivunji saumu, lakini mwenye wasiwasi moyoni hatakuja kubishana, atabaki nyumbani. Fungueni baada ya tarawehe, watu wametulia na wako nje.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii. Serikali ilizindua 100,000 nchi nzima mwaka 2023. Hawa ndio wanaojua nyumba ipi ina huzuni na ipi ina ugomvi. Walipwe posho yao kwa wakati, na wasitumwe na sindano peke yake. Watumwe pia siku isiyo na kampeni, waulize tu hali. Na swali wasiloweza kulijibu waliandike, lijibiwe na daktari kabla ya juma kwisha.

Tano, baraza ya wazi kabla ya kampeni ijayo, moja kisiwani, moja Likoni na moja upande wa Kisauni, ambapo wananchi watauliza kwanza na wakubwa watahutubia mwisho. Hapo ndipo pa kusema lile neno kuhusu mwaka 2020. Ushiriki wa wananchi uko katika Kifungu cha 10 cha Katiba, na haki ya kiwango cha juu cha afya iko katika cha 43, kwa hivyo siombi hisani.

Majibu yaandikwe, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati zote ili kila anayepita ayasome. Yakiwa "haiwezekani", semeni lipi haliwezekani na kwa nini, tutaelewana. Sisi kamati tuko tayari kukaa nanyi siku na saa mtakayotaja, na kahawa tutapika sisi.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mwalimu mstaafu,
kwa niaba ya wanakamati wananchi wa zahanati ya mtaa,
Majengo, Mombasa

Nakala: Kamati za wananchi za vituo vya afya vya Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu